Mwanafunzi Niliyemrudisha Ofisini

Nilipokuwa na miaka kumi na miwili nilikuwa mtoto mbaya, na sisemi hivyo ili mtu anijibu kwamba watoto wote ni wabaya. Wenzangu wa wakati ule nawajua. Walikuwa wakorofi, waongo wa kawaida, wezi wa chokoleti. Mimi nilikuwa mbaya kwa utulivu, na ubaya wangu niliusomea.

Niliusomea kwenye manga. Ami yangu aliniletea boksi zima kutoka maonyesho ya vitabu, vitabu vya michoro vya Kijapani vilivyotafsiriwa kwa Kiarabu, kumi na viwili, hadithi moja. Ilikuwa hadithi ya watoto wanaosomea piano katika mji mmoja wa baridi, kwa mwalimu mwanamke asiye na huruma hata ya kukopa. Kitabu cha kwanza kinaanza na wanafunzi kumi na wawili. Kila kitabu kinapoisha, mwalimu anamkata mmoja. Hafoki. Mtoto yuko katikati ya kupiga, mwalimu ananyoosha mkono na kufunga kifuniko cha piano polepole, mtoto anawahi kutoa vidole, na yamekwisha. Anakwenda mlangoni kuvaa viatu vyake, anatoka nje kwenye theluji analia. Kitabu cha kumi na mbili kinamkuta amebaki mwanafunzi mmoja tu, na huyo ndiye anayekuwa mpiga piano mkubwa.

Msomaji mwenye moyo angewahurumia wale kumi na mmoja. Mimi nilimpenda mwalimu. Nilikuwa nikifunga milango ya nyumbani kwa mkono wake, polepole, bila kusema kitu, na bibi akinambia niache kuingia na kutoka kama mwanga anayewanga usiku.

Tulikaa Qurum, mtaa mmoja wa Maskati. Piano tulikuwa nayo kwa sababu baba aliinunua kwa Waingereza waliokuwa wanahama, akaona ni kitu cha kumfaa binti, halafu akarudi kazini kwake Sohar na kutuachia. Mwalimu wangu wa kweli, mama mmoja wa Kifilipino, alikuja kila Jumanne jioni na kila nilichopiga alikiita kizuri. Nilimdharau kwa hilo. Mama alikuwa na ofisi mjini, akitoka nyumbani asubuhi na kurudi baada ya saa tisa. Mimi nikirudi shule saa saba na nusu, bibi yuko chumbani amelala usingizi wa mchana, na nyumba nzima ilikuwa yangu na dada.

Dada alikuwa mfanyakazi wetu. Alitoka Uganda, upande wa mashariki karibu na mpaka wa Kenya, kwa hiyo Kiswahili alikijua, ila cha bara, kikavu, kilichomchekesha bibi. Alikuwa Mkristo, msichana wa miaka ishirini na kitu, mrefu, na mikono mikubwa. Nasema mikono kwa sababu ndiyo niliyoitazama zaidi ya uso wake.

Ofisi zinazoleta wafanyakazi zina kitu kinaitwa dhamana. Unamchukua mfanyakazi, unapewa miezi kadhaa ya kumtazama, na asipokuridhisha unamrudisha ofisini, unapewa mwengine. Hakuna anayekuuliza sana. Siku ya mwisho ya dhamana ya dada, mama aliizungushia duara jekundu kwenye kalenda ya jikoni, pamoja na siku ya gesi na siku ya daktari wa bibi. Friji iliyokuwa chini ya kalenda hiyo nayo ilikuwa na dhamana yake, karatasi tumeiweka kwenye droo. Hatukuona ajabu yoyote.

Dada alilijua lile duara kuliko sisi. Kila asubuhi akimimina chai alilitupia jicho. Kwetu ilikuwa nyumba yake ya pili. Ya kwanza walimrudisha baada ya wiki chache kwa sababu, alivyonisimulia mwenyewe, madam wa kule alisema anatembea kwa kishindo.

"Mara ya kwanza ofisi wanakusamehe," alinambia. "Mara ya pili wanasema shida ni wewe. Hapo wanakupeleka kule wenzako wamekataa kwenda. Rafiki yangu wamempeleka nyumba ya watu kumi na tano, mbali huko milimani, simu wakachukua. Mpaka leo hatujasikia sauti yake."

"Na wewe je?"

"Mimi? Ile siku nyekundu ikipita, nimepona. Nitakaa hapa mpaka mkataba uishe, nirudi kwetu na heshima yangu."

Alikuwa na haki ya kutaka kukaa. Kwetu aliachiwa simu, na Ijumaa asubuhi, maana kule mapumziko ni Ijumaa, alikwenda kanisani. Hilo la kanisa alilipigania bibi. Mama alikuwa na wasiwasi watu watasema nini, bibi akamkata maneno: "Nnakwambia, mtu ukimzuia kusali, hata chai yake hainyweki. Mwache ende."

Masomo yetu yalianza siku niliyorudi shule nikasikia piano kabla sijafungua mlango. Ilikuwa nyimbo yangu, ile niliyokuwa nikiifanyia mazoezi kwa ajili ya tamasha la wanafunzi katika hoteli kubwa ya Bustan. Dada alikuwa amesimama, kitambaa cha vumbi mkono mmoja, na mkono wa pili unapiga sehemu ya juu yote, bila kosa, kwa kuisikia tu kupitia mlango wa jikoni. Kwao alikuwa akipiga kinanda kanisani. Noti hakuzijua hata moja.

Aliponiona alirudi nyuma mpaka akagonga kiti.

"Sori, sori. Nilikuwa napanguza tu."

"Ulikuwa unapiga."

Alitazama upande wa jikoni, upande wa kalenda, na mimi nikaona kwamba ananiogopa. Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniogopa kabla ya siku ile. Niliisikia raha tumboni, naikumbuka mpaka leo na naionea haya.

"Sitomwambia mama," nilisema. "Lakini nitakufundisha. Na ukiwa hapa kwenye kiti, mimi unaniita ustadha."

Akacheka. Alidhani ni mchezo.

Nilimfundisha kila siku kuanzia saa nane mpaka saa tisa kasoro, kwa mtindo wa kitabu. Nilimpiga marufuku kucheza kwa sikio. Nilimwekea kokwa ya tende mgongoni mwa kila mkono, na kokwa ikianguka alianza upya kutoka mwanzo. Nilimwambia ana vidole vya kufulia. Nilimwambia kwao wanapiga piano kama wanatwanga mihogo, mimi ambaye kwao sijawahi kufika. Siku moja nilimpiga rula kwenye vifundo. Alivuta mkono, akaupulizia, akasema, "Bas, ustadha. Polepole," kisha akaurudisha pale pale. Nilitaka alie na alikataa kulia. Alichora noti kwenye vipande vya karatasi akavibandika ndani ya kabati la masufuria, akawa anazisoma huku anakosha vyombo. Miezi miwili haijapita alikuwa anasoma ukurasa kwa macho tu, na mimi iliyonichukua miaka mitatu nikaanza kumtazama vibaya.

Nilijiuliza kwa nini ananivumilia. Sababu ya kuniogopa nisimsemee ilikuwepo, lakini mtu anayeogopa hafiki kabla yako kwenye kiti, na makokwa ya tende ameshayaosha. Jibu nililipata siku nilipomkuta jikoni amekaa chini, anasubiri wali, na manga yangu mapajani. Nilikuwa nimemruhusu kuzitazama kwa sharti anawe mikono.

"Huyu mwalimu ni mtu mzuri sana," alisema.

Nikamuuliza mwalimu yupi.

"Huyu wa piano. Si alikuwa anakaa na mtoto mmoja tu? Halafu kila mara anatokea mtoto mwingine huko nje, analia, kwenye hiyo chumvi."

"Theluji."

"Kwenye theluji. Anafika mlangoni, anavua viatu, anaingia. Piano imefungwa. Mama wa watu anamfungulia, mtoto anapiga, mwishowe anacheka na wenzake. Mmoja mmoja, mpaka nyumba inajaa. Wako kumi na wawili, kama wanafunzi wa Yesu."

Ilinichukua muda kuelewa. Kitabu cha Kijapani, kama cha Kiarabu, hufunguliwa kutoka kulia. Mimi sikuwahi kuliwaza hilo, kwangu kitabu ndivyo kinavyofunguliwa. Yeye alifungua kutoka kushoto, anavyofungua Biblia yake, na kwa kuwa Kiarabu hasomi, hakukuwa na neno la kumzuia. Kwenye rafu pia nilivipanga kutoka kulia, kwa hiyo alianzia kitabu cha kumi na mbili akaja mpaka cha kwanza. Hadithi yote aliisoma kinyumenyume. Watoto waliofukuzwa, kwake walikuwa wanapokelewa.

Ningeweza kumwambia kwa sentensi moja. Sikumwambia. Mwanzo kwa sababu ilinichekesha, na nilikwenda chumbani kucheka peke yangu na mto mdomoni. Baadaye kwa sababu nilielewa kwamba inanifaa. Dada alikuwa ameshaona kwamba ninamuiga mwanamke yule, mikono nyuma, kidevu juu. Aliamini ukali wangu ndio njia ya kuingia ndani, na kwamba mwisho wake utakuwa mzuri kwa sababu mwisho ameshauona.

Ijumaa ya kabla ya tamasha, wanawake wa ukoo walikuja kwetu baada ya chakula cha mchana. Mama aliniambia niwapigie nyimbo yangu, nizoee kutazamwa. Nilianza vizuri. Katikati mkono wa kushoto ukapotea. Nikarudi nyuma kidogo, nikafika pale pale, ukapotea tena. Mara ya tatu nikanyamaza, na nyuma yangu nilisikia vikombe vya kahawa vinawekwa kwenye sahani kwa heshima, na heshima ile iliniuma.

Dada alikuwa anapita na halwa. Alisema chini kwa chini, pengine bila kujijua, "Fa. Rudi kwenye fa."

Shangazi yangu mkubwa ana masikio ya popo. "Yarabi, khadama ndo anayemsomesha mwenye piano," alisema, na sebule nzima ikacheka. "Hebu kaa wewe, tukusikie."

Dada alimtazama mama. Mama alikuwa anacheka pia, akamwashiria akae. Dada akaweka sinia chini, akafuta mikono kwenye gauni. Kisha akanigeukia mimi.

"Ustadha?" aliuliza.

Alikuwa anaomba ruhusa. Nilimzoesha hivyo mwenyewe. Lakini neno lenyewe lilipotoka, wanawake wakaangua kicheko kingine, kikubwa zaidi, wakawa wananiita ustadha huku na huku, na mimi nimesimama pembeni ya kiti changu mwenyewe. Nikamwambia apige.

Alipiga yote, mwanzo mpaka mwisho, ukurasa mbele yake, macho kwenye noti, migongo ya mikono imetulia. Bibi akasema, "Mashaallah. Nnaisikia mpaka kwenye mifupa." Shangazi akasema huyu ndiye wa kupelekwa Bustan. Wakacheka, wakampa halwa kwenye kikaratasi, wakahamia mazungumzo ya harusi. Kwao ilikuwa mzaha wa dakika kumi. Mimi nilikwenda kusimama mbele ya kalenda. Duara jekundu lilikuwa Jumanne.

Jumapili nilirudi shule, nikala, nikakaa nafasi yangu pembeni ya piano. Dada alikuwa ameshafika.

"Sori kwa ile ya Ijumaa, ustadha. Mdomo uliteleza. Lakini wote wameona umenifundisha vizuri."

Nikamwambia aanze. Nilimwacha apige kama ukurasa mmoja, kwa sababu kwenye kitabu mwalimu humwacha mtoto afike pazuri kwanza. Kisha nikanyoosha mkono nikafunga kifuniko, polepole. Aliwahi kutoa vidole.

Nilikuwa nimejitayarisha kwa machozi. Nilikuwa nimewaza uso wake utakavyokuwa, na mimi nitakavyotazama dirishani kama mwalimu anavyotazama. Dada akaweka mikono mapajani, akainua uso akanitazama, na uso ule ulikuwa wa mtu anayekaribia kupewa kitu. Akatabasamu. Akasubiri. Kwenye kitabu chake, piano ikifungwa ndiyo mtoto anaanza kupokelewa.

Nilikasirika kuliko Ijumaa. Nilimkata na hakujua kama amekatwa.

"Kaa hapo hapo," nilimwambia. "Usiondoke mpaka nikwambie."

Nikaenda chumbani kwangu. Sikulala, sikusoma, nilikaa kitandani nikihesabu dakika. Alikaa. Jikoni wali ulikuwa kwenye moto. Nilianza kusikia harufu, nikasubiri aende kuuteremsha ili nipate kumgombeza kwa kuondoka, na hakuondoka. Gari la mama lilipoingia getini harufu imeshafika ukumbini, ndipo nilipomsikia anakimbia.

Mama alikuwa anavua abaya nilipoingia chumbani kwake. Niliyapanga maneno mapema.

"Mama, dada kanizungumzia habari za Yesu. Kwa vitabu vyangu vya Kijapani. Anasema wale watoto kumi na wawili ni kama wanafunzi wake."

Kila neno lilikuwa la kweli. Nimesema uongo mwingi tangu siku ile na hakuna uliofikia ubaya wa ukweli huo.

Mama akakaa kitandani, abaya iko mkono mmoja. "Toka lini?"

"Toka zamani."

Hakwenda kumuuliza dada. Alikwenda jikoni, akatazama sufuria iliyoungua, dada anaikwaruza na kuomba radhi, kisha akatazama kalenda. "Keshokutwa," alisema, na hakuwa anamwambia mtu.

Bibi aliamka akakuta, kama wanavyosema wanaume wa mtaani, kikao kimekwisha. Alisimama mlangoni na mswaki wake.

"Umemuuliza mwenyewe?"

"Dhamana inaisha Jumanne, mama."

"Mie sikukuuliza dhamana. Nimekuuliza umemuuliza?"

"Sitaki kumuuliza."

"Na wali, mbona mie nnauunguza kila siku na hunirudishi popote? Kunya anye kuku, akinya bata kaharisha." Kisha akanigeukia. "Na wewe, una la kusema?"

Nikasema sina. Kabla ya hapo mimi ndiye niliyekuwa nikimsuka nywele bibi kila Alhamisi. Hakuniita tena kumsuka mpaka alipokufa, na hakunambia sababu, kwa sababu nilikuwa naijua.

Jumatatu nitairuka kwanza. Najua ninachofanya.

Alhamisi tulikwenda Bustan. Ningependa kuandika kwamba vidole viligoma, kwamba mkono wa kushoto ulipotea tena na nikapata nilichostahili. Haikuwa hivyo. Nilipiga vizuri kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Pale pa kupotea nilipita bila hata kufikiri, watu walipiga makofi, mwalimu wangu alinibusu, na mama alilia kidogo kwenye pembe ya shela yake. Tulikula keki ya hoteli. Iliniingia tamu. Niliendelea na piano miaka minne mingine, halafu nikachoka nayo, hivi hivi tu, kama mtu anavyochoka na kiatu. Sasa naona afadhali ningeendelea, angalau kingekuwa kimebaki kitu.

Na mwaka jana, siku moja tunakunja nguo mimi na mama, nilimwambia. Nilikuwa nimelibeba kwa miaka na nilidhani litamwangusha. Nikasema dada hakunihubiria kitu, nilimsingizia kwa sababu aliniaibisha mbele ya wageni.

Mama hakuinua macho kwenye shuka.

"Nnajua."

"Unajua toka lini?"

"Siku ile ile. Msichana yule hata Biblia yake akiificha chini ya godoro, wageni wasije wakaona vibaya. Atakuhubiria wewe?"

"Sasa kwa nini ulimrudisha?"

Alilinganisha pembe za shuka, akazinyoosha. "Ulikuwa na tamasha Alhamisi," alisema. "Usingeweza kupiga na yeye yumo ndani. Mie ni mama yako, nngefanya nini jengine?" Akanipa upande wangu wa shuka nivute. Nikavuta.

Haya, Jumatatu. Mama aliniombea ruhusa shule. "Umeanza wewe, utamaliza wewe," alinambia, na mimi wakati ule nilidhani ananipeleka ili nimsaidie kubeba mkoba wa dada. Dada aliambiwa asubuhi ile ile, baada ya chai.

"Nimekosa nini, madam?"

"Hukukosa kitu. Kusanya vitu vyako."

Alikusanya kwa robo saa. Sufuria ya jana aliiacha inang'aa. Bibi alimpa kanga na udi, na hakutoka nje kutuaga. Ndani ya gari dada alikaa nyuma, mkoba mapajani. Mara moja nilimwona kwenye kioo, midomo inacheza, nikadhani anasali. Mama akaniambia kwa sauti ndogo, "Lile la dini usilitaje kule, litamharibia kabisa. Sema kitu kidogo." Huruma ya mama yangu ilifika hapo.

Ofisi ilikuwa Wadi Kabir, juu ya gereji ya matairi. Kulikuwa na chumba cha mbele na meza ya karani, na ukutani benchi refu walilokaa wanawake sita au saba, wengine Waganda, wengine Wakenya, wote wameweka mikono magotini. Karani alifungua karatasi ya kurudishia. Aliandika jina la mama, akaandika tarehe, akafika kwenye mstari wa sababu na kuinua kalamu.

Mama akanigeukia.

Nilikuwa na wakati. Ninapolikumbuka hili sijipi kisingizio kwamba nilikuwa mtoto na mambo yalikwenda mbio. Yalikwenda taratibu sana. Karani hakuwa na haraka, alikuwa anatafuna kitu. Dada alisimama hatua mbili kutoka kwangu. Ningeweza kusema hakuna sababu, na mama angekwama, kwa sababu mstari ule hauachwi mtupu.

"Anaunguza wali," nilisema.

Nilisema kwa Kiswahili kwa mazoea ya nyumbani, na benchi lote likasikia. Karani alitaka kwa Kiarabu. Nikarudia kwa Kiarabu. Akaandika.

"Ni mara moja tu, ustadha," dada alisema. Hakuwa anamwambia karani wala mama. "Uliniambia nikae."

Nilitazama matairi dirishani. Karani akafunua faili lake, akasema kwa Kiarabu kwamba huyu sasa ni mara ya pili, akaichomoa karatasi yake kwenye faili moja na kuitia kwenye jengine, la rangi nyingine. Akamnyooshea dada mkono wazi. Dada akaelewa kabla sijaelewa mimi. Akatoa simu yake kwenye mfuko wa gauni, akaizima mwenyewe, akamkabidhi, akaingia chumba cha ndani na mkoba wake. Alitembea kwa kunyata, viatu havikutoa sauti. Sijui alipelekwa nyumba gani. Ofisi ile sasa ni duka la betri.

Karani akamwambia mama dhamana inaturuhusu kuchukua mwengine leo leo, bila kusubiri. Mama akanisukuma begani, si kwa nguvu.

"Chagua," alisema. "Wewe ndiye utakayekaa naye."

Nikapita mbele ya benchi. Wanawake walinyoosha migongo na kunitazama, wengine wakajaribu kutabasamu. Sikuwatazama nyuso. Nilipita polepole kutoka mwanzo mpaka mwisho nikitazama mikono yao iliyowekwa magotini, nikarudi tena, na nikamchagua mwenye vidole vifupi.